Chupa ya Omega na Tembe za Kliniki: Kipi Humwongezea Mtoto Uzito Tumboni?

SOMO LA AFYA YA MAMA NA MTOTO

Somo hili limeandikwa ili lisomwe nyumbani, katika vikundi vya kina mama, na hata kwenye benchi la kliniki unapongoja zamu yako. Ukilimaliza utaweza kueleza omega-3 ni nini, utafiti umeonyesha nini kuhusu uzito wa mtoto anayezaliwa, na ni wapi pa kuweka shilingi yako kwanza. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, nilikuwa na vitu viwili juu ya kabati la jikoni. Kimoja kilikuwa chupa ya kapsuli za mafuta ya samaki, niliyoinunua kwa shilingi 2,800 baada ya mwenzangu wa kazini kuniambia kwamba omega humfanya mtoto azaliwe mkubwa na mwenye akili. Cha pili kilikuwa pakiti ya tembe nilizopewa bure kliniki. Kapsuli nilizimeza kila asubuhi bila kukosa. Tembe zilinichefua, nikaziacha.

Katika ziara ya tatu, muuguzi alinipima damu, akafungua kijitabu changu, kisha akauliza, "Mama, zile tembe unameza?" Kiwango cha damu kilikuwa gramu 9.4 kwa desilita. Kwa mjamzito, chini ya 11 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliniambia nizimeze usiku baada ya chakula, nisizinywe na chai, na nirudi baada ya wiki nne. Mwanangu alizaliwa salama, akiwa na kilo 2.9.

Swali lilibaki nami. Je, ile chupa ilisaidia chochote? Tangu nianze kazi hii ya kuwaandikia wakazi wa kaunti yetu habari za afya, nimekutana na kina mama wengi wenye vitu viwili kama vyangu juu ya kabati, na wengi wao wanameza kile cha bei ghali na kuacha cha bure. Ndiyo maana tumeandaa somo hili.

OMEGA NI NINI HASA?

Omega-3 ni kundi la mafuta ambayo mwili wa binadamu unayahitaji lakini hauwezi kuyatengeneza bila kuyapata kwanza kwenye chakula. Yako matatu yanayotajwa sana. Ya kwanza huitwa ALA, nayo hupatikana katika mimea kama vile soya, mbegu za kitani, mbegu za chia na mafuta ya kanola. Mengine mawili huitwa EPA na DHA, na hupatikana hasa katika samaki.

Mwili unaweza kugeuza ALA kuwa EPA na DHA, lakini kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo anayekula soya anapata faida, ila hawezi kuhesabu kwamba amepata sawa na aliyekula samaki.

Kwa mjamzito, DHA ndiyo inayozungumziwa zaidi. Hutumika kujenga ubongo na macho ya mtoto, na mtoto huivuta kwa wingi kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Wataalamu wengi wa lishe hupendekeza mjamzito apate angalau miligramu 200 za DHA kwa siku.

Kuna pia omega-6, iliyo kwa wingi katika mafuta ya kupikia ya alizeti na mahindi. Hiyo wengi wetu tunaipata jikoni kila siku, kwa hiyo si ya kununua kwenye chupa.

UZITO WA MTOTO UNATUAMBIA NINI?

Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu kwamba mtoto amezaliwa na uzito mdogo ikiwa mizani inaonyesha chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto haraka, na wakazi wa Nyeri wanajua baridi ya Julai ilivyo. Hunyonya kwa shida, hushikwa na maambukizi kwa urahisi, na huhitaji uangalizi wa karibu siku za mwanzo, pamoja na kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi.

Lakini uzito mdogo huja kwa njia mbili tofauti, na hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa.

Njia ya kwanza ni mtoto kuzaliwa mapema, kabla ya wiki 37. Huyu huenda alikuwa akikua vizuri tu, ila hakupewa muda wa kutosha. Njia ya pili ni mtoto aliyekaa tumboni muda wake wote lakini hakukua inavyopaswa. Huenda mama alikosa damu ya kutosha, alikuwa na shinikizo la damu, malaria au lishe duni, au alivuta sigara au kunywa pombe.

Dawa inayomsaidia wa kwanza si lazima imsaidie wa pili. Shikilia jambo hili, kwa maana ndilo litakalotusaidia kusoma matokeo ya utafiti wa omega.

Jambo jingine ni kwamba lengo si kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi. Mtoto wa zaidi ya kilo nne huweza kuleta shida wakati wa kujifungua, na mara nyingine ukubwa wake ni dalili kwamba sukari ya mama ilikuwa juu. Tunachotafuta ni mtoto aliyetimiza muda wake na kukua kulingana na muda huo.

UTAFITI ULIANZIA WAPI?

Habari hii ilianza katika Visiwa vya Faroe, vilivyo kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako watu hula samaki kwa wingi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba watoto wa huko walizaliwa wakiwa wazito kuliko watoto wa Denmark. Wakajiuliza ikiwa sababu ni samaki.

Kuona tu hakutoshi. Wala samaki huenda wanatofautiana na wengine kwa mambo mengi. Kwa hiyo mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Denmark, ambapo wanawake 533 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa mafuta ya samaki kuanzia wiki ya 30 ya mimba, wengine mafuta ya zeituni, na wengine hawakupewa kitu. Waliopewa mafuta ya samaki walibeba mimba kwa siku nne zaidi kuliko wale wa mafuta ya zeituni, na watoto wao walizidi kwa wastani wa gramu 107.

Tazama hizo siku nne. Mtoto aliye katika wiki za mwisho huongezeka uzito kila siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gramu hizo inaweza kuelezwa na muda tu: alikaa zaidi, akakua zaidi.

Australia ilifuata kwa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010. Wanawake 2,399 walishiriki, na nusu yao walimeza miligramu 800 za DHA kila siku. Watoto wao walizidi wenzao kwa wastani wa gramu 68. Waliozaliwa mapema sana walipungua. Kwa upande mwingine, wanawake waliopitisha muda hadi kuhitaji kuanzishiwa uchungu au kupasuliwa waliongezeka.

Mwaka 2018 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 70 ya namna hii yenye wanawake 19,927 na kuyasoma kwa pamoja. Tukihesabu kwa kila wanawake 1,000, matokeo yalikuwa hivi:

• Waliojifungua kabla ya wiki 37: kutoka 134 bila omega-3 hadi 119 kwa walioitumia.
• Waliojifungua kabla ya wiki 34: kutoka 46 hadi 27.
• Watoto wa chini ya gramu 2,500: kutoka 156 hadi 140.
• Waliopitisha wiki 42: kutoka 16 hadi 26.

Ama kwa watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wao wa mimba, yaani wale wa njia yetu ya pili, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa.

Hapo ndipo jibu lilipo. Omega-3 haimnenepeshi mtoto tumboni kama mbolea inavyokuza mahindi. Kazi yake kubwa ni kupunguza uwezekano wa mtoto kutoka mapema, na uzito huongezeka kwa sababu amepewa muda.

Je, basi kila mjamzito ameze? Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio jingine kutoka Australia, safari hii likiwa na wanawake zaidi ya 5,500 waliogawanywa kwa kura. Wanaojifungua kabla ya wiki 34 walikuwa asilimia 2.2 kwa waliomeza omega-3 na asilimia 2.0 kwa ambao hawakupewa. Hakukuwa na faida kwa ujumla. Watafiti walipochunguza damu waligundua kwamba wanawake waliokuwa na omega-3 kidogo mwanzoni mwa mimba walinufaika. Waliokuwa nayo ya kutosha tayari hawakunufaika, na hata hatari yao ya kujifungua mapema iliongezeka walipoongezewa.

Kwa maneno mengine, kapsuli humsaidia aliyepungukiwa. Anayejaza debe lililojaa humwaga tu.

KARIBU NA NYUMBANI: WAMAASAI, WAPARE NA WATU WA SENGEREMA

Huenda ukasema kwamba Denmark na Australia ni mbali. Haya basi, tuje kwa majirani zetu.

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi na Tanzania walichapisha kazi waliyoifanya kwa kina mama na watoto wa jamii tatu za Tanzania. Wamaasai walioshiriki hawakula samaki kabisa. Wapare walikula siku mbili hadi tatu kwa wiki. Watu wa Sengerema, karibu na Ziwa Victoria, walikula siku nne hadi tano. Watafiti walipima DHA katika damu ya mama na ya mtoto wakati wa kuzaliwa na tena miezi mitatu baadaye.

Walichokiona kinagusa moyo wa mzazi yeyote. Mama mwenye DHA kidogo alizaa mtoto mwenye kiwango kilichozidi chake mwenyewe. Mwili wa mama ulikuwa umempelekea mtoto kile kidogo kilichokuwepo, hata kama yeye alibaki na upungufu. Kwa mama aliyekula samaki wa kutosha, mambo yalikuwa kinyume: mama alikuwa na ziada, mtoto akachukua sehemu yake.

Sisi wa maeneo ya Mlima Kenya tunafanana na nani kati ya hao watatu? Kwa desturi ya zamani, Waagikuyu hawakula samaki. Leo vijana wengi wanakula, lakini bado ziko nyumba nyingi kuanzia Othaya hadi Naro Moru ambako samaki huonekana mezani mara chache kwa mwaka. Kwa nyumba hizo suala la omega si la mtindo wa mjini. Ni la kweli, na mama ana haki ya kuliuliza kliniki.

LAKINI TEMBE ZA BURE ZIMEPIMWA PIA

Sasa turudi kwenye ile pakiti niliyoiacha juu ya kabati. Tembe hizo, ambazo wengi huziita dawa ya kuongeza damu, zina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na mama anatakiwa kumeza moja kila siku tangu ziara ya kwanza hadi anapojifungua.

Hapa nchini, huko Nyando katika Kaunti ya Kisumu, lilifanywa jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Wanawake wajawazito 470 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa miligramu 60 za madini ya chuma kila siku, nusu wakapewa tembe zinazofanana nazo lakini zisizo na dawa. Watoto wa waliopewa chuma walizidi wenzao kwa wastani wa gramu 150.

Linganisha: gramu 68 na 107 kwa kapsuli za omega katika majaribio mawili tuliyoyataja, na gramu 150 kwa tembe ambayo haikugharimu mama chochote. Tuwe waangalifu, kwa sababu wanawake wa Denmark au Australia si sawa na wa Nyando, ambako malaria ni jambo la kawaida na wengi huanza mimba wakiwa na upungufu wa chuma. Mizani haikuwa moja. Lakini kama mama wa Kenya anauliza aanze na kipi, ushahidi uliopatikana kwenye udongo wetu unaelekeza kwenye pakiti ya kliniki.

Dar es Salaam nako kulikuwa na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, lililohusu wanawake 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI. Wote walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Nusu yao waliongezewa vitamini za aina mbalimbali. Watoto wenye uzito mdogo walipungua kutoka asilimia 9.4 hadi asilimia 7.8. Somo ni lile lile: panapokuwa na upungufu, kuuziba huonekana kwenye mizani.

KWA NINI TEMBE HUACHWA, NA NJIA YA KUENDELEA

Sababu zinajulikana. Tembe za chuma huchefua, hufunga choo, na hufanya kinyesi kiwe cheusi, jambo linalowaogopesha wengi. Kinyesi cheusi hakina madhara hapo; ni chuma kilichobaki. Kwa hayo mengine, jaribu hivi:

• Meza usiku baada ya chakula, karibu na wakati wa kulala.
• Usimeze kwa chai, kahawa wala maziwa. Sisi tunalima chai na kuinywa asubuhi, mchana na jioni, lakini chai huzuia chuma kuingia mwilini. Iache ipite saa moja au mbili kabla au baada ya tembe na ya mlo mkuu.
• Kunywa maji mengi, na kula matunda na mboga ili choo kisifunge.
• Kula chungwa, pasheni au nyanya mbichi pamoja na mlo. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.
• Zikikushinda kabisa, usiziache kimyakimya. Mwambie muuguzi. Zipo njia nyingine, na hatakugombeza.

SAMAKI WETU WENYEWE

Watu wengi hudhani samaki ni chakula cha Kisumu na Mombasa. Historia ya kaunti yetu inasema vingine. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza samaki aina ya trauti katika Mto Gura, unaotiririka kutoka Milima ya Aberdare. Mwaka 1948 serikali ilijenga vituo viwili vya ufugaji: Sagana, kwa samaki wa maji ya vuguvugu, na Kiganjo hapa kwetu, kwa trauti. Mwaka 2009, kupitia mpango wa kufufua uchumi, serikali ya kitaifa ilichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa. Mengine yalikauka baadaye, lakini yapo yanayovuliwa hadi leo.

Trauti ana mafuta mengi ya omega-3. Kipande cha gramu 100 cha trauti wa kufugwa kina zaidi ya miligramu 500 za EPA na DHA kwa pamoja. Tatizo ni bei, maana wengi huishia kwenye hoteli. Tilapia ana kiasi kidogo zaidi, takriban miligramu 100 hadi 200 kwa gramu 100, lakini ana protini nzuri na hupatikana kwa urahisi. Omena ni mdogo wa umbo tu: ana omega-3, chuma na protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, humpa mama kalisiamu pia. Sadini za mkebe nazo zina omega-3 nyingi.

Kwa mjamzito, milo miwili au mitatu ya samaki kwa wiki inatosha. Pika hadi aive kabisa. Epuka papa na samaki upanga, kwa sababu samaki wakubwa wanaowinda wenzao hukusanya zebaki mwilini.

Kwa asiyekula samaki, kuna soya, mbegu za chia na za kitani, na mafuta ya kanola, zao linalolimwa pia katika mashamba ya upande wa Timau. Mayai huongeza kidogo. Na tusisahau vyakula vyetu vingine: njahi, maharagwe, managu, terere, majani ya malenge na thabai. Hivi havina DHA, lakini vinachangia chuma na foliki, na mtoto tumboni anavihitaji pia.

Mfano wa siku moja: asubuhi uji wa wimbi uliochanganywa na unga wa soya, na yai, mchana githeri na managu, na chungwa baada yake, jioni ugali na omena waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, au mukimo na kipande cha samaki. Kisha tembe ya kliniki kabla ya kulala. Chai inywewe katikati ya asubuhi na saa kumi, mbali na milo.

UKIAMUA KUNUNUA CHUPA

Hatusemi kapsuli ni mbaya. Kwa mama asiyekula samaki kabisa, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, huenda daktari akaona zinafaa. Lakini kabla ya kutoa pesa, zingatia haya:

1. Soma maandishi madogo. Chupa iliyoandikwa miligramu 1,000 za mafuta ya samaki mara nyingi ina takriban miligramu 180 za EPA na 120 za DHA tu. Nambari kubwa iliyo mbele ni ya mafuta yote. Wewe tafuta nambari ya DHA.

2. Usichukue mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A kwa wingi, na vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili tofauti, hata kama chupa zao zinakaa rafu moja.

3. Mweleze muuguzi au daktari. Hili ni muhimu zaidi ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ikiwa una ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu. Mwambie aandike kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto.

4. Piga hesabu. Gawanya bei ya chupa kwa siku itakazodumu. Kisha jiulize pesa hiyo ingenunua omena, mayai na matunda kiasi gani, kwa ajili ya nyumba nzima.

5. Usibadilishe tembe za kliniki kwa kapsuli. Kapsuli ya omega haina chuma cha kukutosha. Nilijifunza hilo kwa kuchelewa.

KWA KINA BABA

Somo hili si la mama peke yake. Mara nyingi baba ndiye anayekwenda sokoni Karatina au anayepitia dukani akitoka kazini. Kununua omena robo kilo, kumkumbusha mama tembe yake ya usiku, na kumsindikiza kliniki ni mambo yanayoonekana kwenye mizani siku ya kujifungua. Kadhalika, kutovuta sigara ndani ya nyumba, na kutoboa dirisha au kurekebisha jiko ili moshi wa kuni utoke, ni kumlinda mtoto aliye tumboni.

LA KUFANYA WIKI HII

Kama una mimba na hujaanza kliniki, anza sasa. Tangu mwaka 2016 WHO imependekeza mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimiza wiki 12. Hakikisha umesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mapema. Uliza kiwango chako cha damu, shinikizo lako la damu, na ikiwa mtoto anakua kulingana na wiki zake. Kama una tembe zilizobaki juu ya kabati, zishushe.

Nenda hospitalini mara moja ukiona damu ikitoka, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza.

Katika mimba yangu ya pili sikununua chupa. Nilimeza tembe kila usiku, nikala omena na sadini, na damu haikushuka chini ya 11. Binti yangu alizaliwa akiwa na kilo 3.2. Siwezi kukuambia ni kwa sababu ya tembe, samaki, au bahati ya Mungu, kwa maana watoto wawili si utafiti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba safari hii nilipopanda mlima wa kuelekea kliniki, sikuwa nikisimama kila hatua kumi kutafuta pumzi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja njia mbili zinazofanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Omega-3 husaidia zaidi ipi?

2. Katika kikundi chenu, ni wangapi waliwahi kuacha tembe za kliniki? Kila mmoja aeleze sababu, kisha tafuteni pamoja namna ya kuendelea.

3. Ni samaki gani wanaopatikana katika soko lililo karibu nanyi, na kwa bei gani? Pangeni milo miwili ya samaki kwa wiki mnayoweza kuimudu.

4. Mtu akikuletea chupa iliyoandikwa omega, utasoma nini kwanza, na utauliza nini?

5. Nyumbani kwako chai hunywewa saa ngapi? Unaweza kuisogeza vipi ili isizuie chuma?